Msanii na Kiti cha Enzi: Wachoraji wa Kiitaliano katika Kasri la Uhispania, 1533–1633

Utangulizi

Historia ya sanaa ya Ulaya katika karne ya kumi na sita imezoeleka kusimuliwa kama safari ya upande mmoja: Italia ilibuni, mataifa mengine yakapokea. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, Renaisansi, yaani ule mwamko wa sanaa na elimu uliochochewa na kusomwa upya kwa maandishi ya Wayunani na Warumi wa kale, ilizaliwa Florence, ikakomaa Roma na Venice, kisha ikasambaa kwingineko. Uhispania huwekwa katika kundi la wapokeaji. Wachoraji wa Kiitaliano walioutumikia ukoo wa Habsburg huonekana kama walimu waliowapelekea wanafunzi somo lililokwisha kuandikwa.

Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Yanashikilia kwamba kasri la Uhispania halikuwa mwanafunzi bali mhakiki. Lilisoma kazi za Waitaliano, likachagua, likakosoa, likakataa, na mara nyingine likafuta. Kwa hiyo, swali linaloulizwa hapa si kile ambacho Italia iliipa Uhispania. Swali ni hili: msanii anayemtumikia mwenye mamlaka hubakiwa na uhuru wa kiasi gani juu ya kazi yake mwenyewe? Wahakiki wa fasihi wamelijadili swali hili kwa muda mrefu kuhusiana na washairi wa majumba ya wafalme, lakini wachoraji wanaofikiriwa hapa wanalitolea ushahidi wa aina ya pekee. Mteja wao mkuu alikuwa mmoja, walitoka katika nchi moja, walifanya kazi katika kipindi kimoja, na bado hatima zao zilitofautiana sana.

Hoja inayotetewa ni kwamba tofauti hizo hazielezwi na kipawa peke yake. Zinaelezwa zaidi na mahali ambapo kila msanii alisimama kuhusiana na kiti cha enzi. Yuko aliyekaa mbali na kutuma kazi zake. Yuko aliyekaribishwa ndani lakini si kwa jina la kazi yake. Wako walioitwa kwa mshahara ili kuta zijazwe. Na wako waliobaki hadi wakawa wenyeji. Makundi hayo manne yatachunguzwa kwa zamu.

Usuli: Milki, Jumba na Mtaguso

Carlos alirithi ufalme wa Uhispania mwaka 1516, na mwaka 1519 akachaguliwa kuwa mtawala wa Dola Takatifu la Kirumi kwa jina la Carlos wa Tano. Napoli na Sicilia zilikuwa chini ya taji lake, na baada ya mwaka 1535 Milan nayo iliingia mikononi mwa ukoo wake. Jambo hili hupuuzwa mara nyingi na wanaozungumzia «wageni» wa Kiitaliano katika kasri la Uhispania. Kwa mtu wa Milan, Cremona au Napoli, mfalme wa Uhispania hakuwa mtawala wa ng'ambo. Alikuwa ndiye mtawala wake, na hazina iliyomlipa mchoraji ilitokana na kodi za Waitaliano wenzake.

Felipe wa Pili alipokea ufalme mwaka 1556 baba yake alipojiuzulu, na mwaka 1561 akaifanya Madrid makao ya serikali. Tarehe 23 Aprili 1563 jiwe la kwanza la jengo la El Escorial liliwekwa, kaskazini-magharibi mwa Madrid. Jengo hilo lilikuwa monasteri, kanisa, kasri, maktaba na kaburi la wafalme kwa pamoja, nalo liliwekwa chini ya jina la Mtakatifu Laurenti kwa kuwa Wahispania walikuwa wamewashinda Wafaransa huko Saint-Quentin siku ya sikukuu yake, tarehe 10 Agosti 1557. Ujenzi uliendelea hadi mwaka 1584. Kuta nyingi na madari mapana ya jengo hilo yalihitaji picha, na Uhispania haikuwa na mafundi wa kutosha wa kuchora juu ya lipu mbichi, ufundi ambao Waitaliano waliuita freska.

Mwaka ule ule wa 1563, mwezi Desemba, Mtaguso wa Trento ulifunga vikao vyake baada ya kutoa agizo kuhusu picha takatifu. Picha zilitakiwa kumfundisha mwumini na kumwamshia ibada. Kitu chochote cha fujo, cha aibu au kisicho cha kawaida kilikatazwa, na maaskofu wakapewa jukumu la kusimamia. Jumba na agizo vilizaliwa pamoja. Mchoraji aliyeitwa El Escorial aliitwa mahali ambapo fani ilipimwa kwa mizani ya maudhui, na maudhui yalipimwa na wanateolojia.

Aliyekaa Mbali: Titian

Titian wa Venice hakukanyaga ardhi ya Uhispania hata siku moja, na bado hakuna Mwitaliano aliyeiathiri sanaa ya kasri hilo kuliko yeye. Alikutana na Carlos nchini Italia, na mwaka 1533 mtawala huyo akampa cheo cha ukabaila pamoja na heshima ya Shujaa wa Kikuku cha Dhahabu. Katika zama ambazo mchoraji alihesabiwa pamoja na mafundi wa mikono, tendo hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Mwaka 1548 Titian alivuka milima ya Alps kwenda Augsburg, Ujerumani, na huko akachora taswira ya Carlos akiwa juu ya farasi, amevaa deraya na kushika mkuki, kwa ukumbusho wa ushindi wa Mühlberg wa mwaka 1547. Adui haonekani katika picha hiyo, wala damu. Mpanda farasi yuko peke yake chini ya mbingu ya magharibi, mzee na mchovu, lakini hatikisiki. Ukimya huo ndio uliokuwa sifa kuu kupita zote, na wachoraji wa wafalme wa Uhispania waliuiga kwa zaidi ya miaka mia.

Uhusiano wa Titian na Felipe ndio unaoihusu zaidi fasihi. Kati ya mwaka 1553 na 1562 alimpelekea mfalme huyo picha sita kubwa zilizotokana na visa vya mshairi Ovid wa Roma ya kale: Danaë, Venus na Adonis, Perseus na Andromeda, Diana na Actaeon, Diana na Callisto, na Kutekwa kwa Europa. Yeye mwenyewe aliziita poesie, yaani mashairi. Jina hilo lilikuwa dai. Mchoraji alidai kwamba hasimulii tu kisa kilichokwisha kusimuliwa, bali anatunga kama mshairi atungavyo, akiwa na haki ya kubadili.

Haki hiyo aliitumia. Katika maandishi ya Ovid, Venus humwonya Adonis juu ya hatari za kuwinda, kisha huondoka, na kijana huenda msituni wakati mungu huyo hayupo. Titian aligeuza tukio. Katika picha yake ni Adonis anayeondoka, mbwa wake wakimvuta, naye Venus anamkumbatia akijaribu kumzuia. Mwaka 1584 mwandishi Raffaello Borghini wa Florence alimlaumu kwa kuwa amekiuka maneno ya mshairi. Lawama hiyo inafaa kuzingatiwa, kwa sababu inafichua mgogoro unaojulikana sana katika uhakiki: je, kazi inayotokana na kazi nyingine ina wajibu wa kuwa aminifu, au ina uhuru wa kuwa kazi mpya? Felipe, aliyekuwa mteja, hakulalamikia kosa la Titian dhidi ya Ovid. Picha ilipomfikia London mwaka 1554, ambako alikuwa amekwenda kumwoa Malkia Mary wa Uingereza, alilalamikia mkunjo uliolipitia turubai katikati kutokana na safari.

Mfalme huyu, ambaye wengi humchora kama mtawa aliyevaa nguo nyeusi, aliagiza picha za miungu ya kipagani walio uchi na kumwachia mtunzi uhuru mpana wa kuchagua visa na namna ya kuvieleza. Maelezo ya jambo hilo yamo katika umbali. Poesie zilikuwa za chumba cha faragha, hazikuwa za altari. Mtunzi alikuwa Venice, kwenye jamhuri isiyotawaliwa na Felipe, akiwa na wateja wengine tele. Hakuna kamati ya wanateolojia iliyosimama nyuma ya bega lake akichora.

Hata hivyo, umbali ulikuwa na gharama yake. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na kwa miaka mingi mkono wa Felipe ulikuwa mzito wa ahadi kuliko wa fedha. Posho ambayo Titian alipewa kutoka hazina ya Milan ilicheleweshwa mara kwa mara, na barua zake kwa mfalme zimejaa maombi. Mwaka 1559 alimtuma mwanawe Orazio kwenda Milan kuidai. Orazio alipokuwa huko alishambuliwa na kujeruhiwa kwa kisu na Leone Leoni, mchonga sanamu wa Kiitaliano aliyemtumikia mfalme huyo huyo. Titian alimwandikia Felipe kudai haki, lakini Leoni aliendelea kulitumikia kasri. Mfalme aliwahitaji wote wawili. Ndivyo ilivyokuwa hali ya wasanii waliokula katika sahani moja: aliyekuwa mbali alikuwa na uhuru wa kutunga, lakini hakuwa na mlinzi.

Aliyeingia kwa Mlango Mwingine: Sofonisba Anguissola

Sofonisba Anguissola alizaliwa Cremona karibu na mwaka 1532, binti mkubwa wa Amilcare Anguissola, mtu wa ukoo wa heshima lakini asiye na mali nyingi. Baba huyo alifanya jambo lisilo la kawaida: aliwapa binti zake elimu ya Kilatini, muziki na uchoraji. Sofonisba alifundishwa na Bernardino Campi, kisha Bernardino Gatti. Mwaka 1555 alichora dada zake wakicheza sataranji, mmoja akiwa ameshinda, mwingine akinyanyua mkono, na mdogo akicheka. Mchoro wake mwingine, wa kaka yao mdogo akilia baada ya kubanwa na kamba wa mtoni, ulimfikia Michelangelo mwenyewe na ukathaminiwa.

Mwaka 1559 aliitwa Uhispania kwa mapendekezo ya Duke wa Alba. Hakuitwa kuwa mchoraji wa mfalme. Aliitwa kuwa mwandani wa Isabel wa Valois, binti wa mfalme wa Ufaransa, ambaye alikuwa ameolewa na Felipe akiwa bado msichana wa miaka kumi na minne. Malkia huyo kijana alipenda kuchora, na Sofonisba akawa mwalimu wake. Tofauti hii ya cheo ina maana nzito. Mwanamke wa tabaka lake asingeweza kuuza kazi ya mikono bila kuishusha heshima ya nyumba yake. Kwa hiyo hakulipwa bei ya picha. Alipewa posho, vitambaa na vito, kama walivyopewa waandani wengine. Na kwa kuwa kazi hiyo haikuhesabiwa kuwa kazi, hapakuwa na sababu ya kuweka sahihi.

Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha. Msanii ambaye alipokuwa Cremona alikuwa na desturi ya kutia jina lake katika picha zake, alipofika katika kasri kubwa kuliko yote ya Ulaya alipoteza jina. Taswira yake ya Felipe wa Pili akiwa na rozari mkononi, ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid, kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya wachoraji wanaume wa kasri, akiwemo Alonso Sánchez Coello. Ni mwishoni mwa karne ya ishirini tu ambapo watafiti wengi walikubali kuwa ni kazi yake. Uchunguzi wa mionzi ulionyesha pia kuwa picha hiyo ilibadilishwa: hapo mwanzo, katika miaka ya 1560, mkono wa mfalme uliwekwa namna nyingine, na rozari iliongezwa baadaye, karibu na mwaka 1573, picha ilipofanywa kuwa jozi ya taswira ya malkia mpya, Ana wa Austria. Hivyo mabadiliko ya siasa na ya ibada yaliandikwa juu ya turubai lile lile.

Picha yake ya Malkia Isabel akishika taswira ndogo ya mumewe inaonyesha jinsi alivyofanya kazi ndani ya kanuni ngumu. Taswira ya kifalme ya Uhispania ilikuwa na sheria zake: mavazi mazito, vito vilivyohesabiwa, uso usiotoa siri. Sofonisba alizitii sheria hizo zote, lakini aliuacha uso wa malkia uwe na uhai wa mtu anayejulikana na mchoraji wake. Hapa panaonekana jambo ambalo nadharia ya udhibiti mara nyingi hulisahau. Kanuni inaweza kumfunga msanii, lakini ukaribu unaweza kumpa ujuzi ambao aliye mbali hana. Titian hakumjua Isabel. Sofonisba aliishi naye hadi malkia huyo alipofariki mwaka 1568, akiwa na umri wa miaka ishirini na tatu.

Baada ya kifo hicho Sofonisba alibaki akiwalea mabinti wawili wa malkia. Mwaka 1573 aliolewa na Fabrizio Moncada wa Sicilia, na mfalme ndiye aliyetoa mali ya arusi. Alipofiwa na mume huyo aliolewa na nahodha Orazio Lomellino wa Genoa, safari hii kwa hiari yake mwenyewe. Mwaka 1624 mchoraji kijana Anthony van Dyck alimtembelea Palermo, akamkuta mzee sana na macho yamefifia, lakini akili yake ingali kali. Aliandika kwamba alijifunza kutoka kwake. Mwaka uliofuata Sofonisba alifariki.

Walioitwa Kujaza Kuta: Waitaliano wa El Escorial

Hali ya waliokwenda El Escorial ilikuwa tofauti kabisa. Hawa hawakuwa wageni wa heshima. Methali ya Kiswahili inasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa wachoraji hao jembe lilikuwa likiwangojea mlangoni.

Mwaka 1567 walifika Giovanni Battista Castello, aliyejulikana kama Mtu wa Bergamo, pamoja na Romulo Cincinnato wa Florence na wenzao. Castello alifariki mwaka 1569, lakini mwanawe Fabrizio na mwanawe wa kambo, Nicolás Granello, walirithi kazi yake. Hawa wawili, wakisaidiwa na Waitaliano wengine, walichora katika Ukumbi wa Mapigano vita vya La Higueruela vya mwaka 1431, kwenye ukuta mrefu wenye maelfu ya watu na farasi. Ilikuwa historia ya Uhispania iliyosimuliwa kwa mikono ya Genoa.

Mfano unaonukuliwa zaidi kuhusu uhakiki wa Felipe ni wa mtu asiyekuwa Mwitaliano kwa kuzaliwa. El Greco alizaliwa kisiwani Krete, akajifunza Venice na Roma. Aliombwa kuchora kuuawa kwa Mtakatifu Maurice na jeshi lake, kazi aliyoikamilisha mwaka 1582. Mbele ya picha aliwaweka maofisa wakijadiliana iwapo waikane imani au wafe. Kukatwa vichwa kulisogezwa nyuma, kukawa kudogo. Mfalme alilipa, lakini hakuiweka picha hiyo juu ya altari iliyokusudiwa. Kazi ilipewa Cincinnato, ambaye aliyaleta mauaji mbele, mahali ambapo mwumini angeyaona. Mtawa José de Sigüenza, ambaye masimulizi yake ya mwaka 1605 ndiyo chanzo kikuu cha habari za jengo hilo, alieleza kwamba picha ya El Greco haikumridhisha mfalme, kisha akakumbusha kauli ya mchoraji Mhispania Juan Fernández de Navarrete: watakatifu wachorwe kwa namna isiyomwondolea mtu hamu ya kusali mbele yao.

Katika kauli hiyo kuna nadharia kamili ya upokezi. Picha ya El Greco ilihusu uamuzi, nayo ya Cincinnato ilihusu tendo. Mhakiki wa leo huvutiwa na ya kwanza kwa sababu inaonyesha nafsi ikipambana. Lakini altari haikuhitaji mjadala; ilihitaji mfano wa kufuatwa. Kusema tu kwamba Felipe hakuwa na ladha ni kukwepa swali. Mfalme huyo huyo alikusanya kazi za Hieronymus Bosch, zilizojaa viumbe wa ajabu kupita kiasi, na Sigüenza akazitetea dhidi ya waliozishuku. Alichokataa Felipe si ugeni wa fani bali kutolingana kwa fani na mahali.

Luca Cambiaso wa Genoa aliwasili mwaka 1583 akiwa maarufu kwa kasi ya mkono wake. Alipewa kuba iliyo juu ya mahali pa waimbaji ndani ya kanisa, achore utukufu wa mbinguni. Matokeo yalikuwa safu baada ya safu ya watakatifu walioketi kwa utaratibu, kila kundi mahali pake, kama watu kwenye viti vya mkutano. Msanii aliyesifika kwa wepesi alitoa kazi nzito. Sigüenza hakuipenda, lakini alitambua kwamba ushauri wa wanateolojia ulichangia: walitaka mbingu iliyo sahihi, na mbingu sahihi ikakosa uhai. Wasimulizi wa Genoa waliongeza kisa cha huzuni: Cambiaso, aliyekuwa mjane, alitamani kumwoa shemeji yake, akatumaini mfalme angemwombea ruhusa kwa Papa, na tumaini hilo lilipovunjika akavunjika naye. Alifariki huko huko mwaka 1585.

Nafasi yake ilichukuliwa na Federico Zuccaro, mmoja wa wachoraji mashuhuri wa Italia yote, aliyekuwa amemaliza kuchora kuba ya kanisa kuu la Florence mwaka 1579. Alipokewa kwa shangwe na kwa malipo makubwa mwanzoni mwa mwaka 1586. Anguko lake lilikuwa kubwa kama sifa zake. Inasimuliwa kuwa katika picha yake ya kuzaliwa kwa Yesu alimchora mchungaji akileta kikapu cha mayai, na mfalme akauliza ni vipi mtu aliyekimbia usiku wa manane kutoka zizini alipata mayai mengi kiasi kile, ilhali hafugi kuku. Dhihaka hiyo ni ndogo, lakini inaonyesha aina ya msomaji aliyekuwa Felipe. Aliisoma picha kama masimulizi, akauliza maswali ambayo mhakiki wa hadithi huyauliza: je, mantiki ya tukio inashikamana? Picha kadhaa za Zuccaro ziliondolewa au kurekebishwa, na zile alizochora ukutani katika ua wa monasteri zikafutwa na kuchorwa upya. Aliondoka mwaka 1588, mifuko imejaa na jina limepungua. Pengine jeraha hilo lilimsaidia kufikiri. Mwaka 1593 alikuwa kiongozi wa kwanza wa Chuo cha Mtakatifu Luka huko Roma, na mwaka 1607 alichapisha kitabu kilichotetea uchoraji kuwa zao la wazo la ndani ya akili kabla ya kuwa kazi ya mkono.

Aliyefanikiwa ni Pellegrino Tibaldi. Huyu alikuwa mchoraji na msanifu wa majengo aliyekwisha kumtumikia Kardinali Carlo Borromeo huko Milan. Alikuwa amezoea kufanya kazi chini ya usimamizi wa kanisa la baada ya Trento. Ndiye aliyezichora upya kuta za Zuccaro. Kilele cha kazi yake ni dari ya maktaba, ambako Falsafa imeketi mwisho mmoja, Teolojia mwisho wa pili, na kati yao fani saba za elimu: Sarufi, Balagha, Mantiki, Hesabu, Muziki, Jiometria na Falaki. Mpango wa maudhui ulitokana na Sigüenza. Miili yenye misuli inayojipinda, iliyojifunza kwa Michelangelo, ilitokana na Tibaldi. Hapa mtaalamu wa maneno na mtaalamu wa sura waligawana kazi bila kunyang'anyana. Mahali pia palisaidia: maktaba haikuwa altari, na elimu iliruhusu mchezo ambao ibada haikuuruhusu. Tibaldi alirudi Italia na utajiri na cheo, akafariki Milan mwaka 1596.

Waliobaki: Ndugu wa Carducho

Miongoni mwa wasaidizi waliokuja na Zuccaro alikuwamo Bartolomeo Carducci wa Florence. Bwana wake alipoondoka, yeye alibaki. Jina lake likawa Bartolomé Carducho, na akalitumikia kasri hadi alipofariki mwaka 1608. Alikuwa amekuja na mdogo wake Vicente, ambaye alikulia Uhispania na kuandika kwa Kihispania. Mwaka 1633 Vicente alichapisha majadiliano juu ya uchoraji, kwa muundo wa mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi, akaambatisha humo ushahidi wa waandishi na wanasheria, akiwemo mtunzi mashuhuri wa tamthilia Lope de Vega. Lengo lilikuwa la vitendo. Wachoraji walikuwa wakipinga kutozwa kodi ya mauzo kama wauza bidhaa, na ili kushinda kesi walihitaji kuthibitisha kwamba uchoraji ni ndugu wa ushairi, si wa useremala.

Kwa njia hii, dai ambalo Titian alilidokeza kwa neno moja tu alipoziita picha zake mashairi liligeuka kuwa hoja mahakamani, na aliyeitetea ni Mwitaliano aliyekuwa amekuwa Mhispania. Nadharia ya sanaa haikuzalika katika utulivu wa chuo. Ilizaliwa katika ugomvi juu ya fedha na heshima.

Mfalme huyo huyo, Pwani Nyingine

Mfumo huu wa kuwatumia Waitaliano haukuishia Ulaya. Felipe alipotwaa pia taji la Ureno mwaka 1580, himaya yake ilifika Bahari ya Hindi. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilisanifiwa na Giovanni Battista Cairati wa Milan, msanifu mkuu wa serikali ya Wareno huko Goa. Wakati Tibaldi, aliyetokea Milan, akiwa kazini El Escorial, Cairati wa mji huo huo alikuwa akipima mwamba wa matumbawe wa Mombasa kwa ajili ya mfalme yule yule. Umbo la ngome hiyo, lenye mpangilio wa mwili wa mtu anapotazamwa kutoka juu, hutajwa kama kielelezo cha fikra za Renaisansi kuhusu uwiano. Lakini kwa wenyeji wa Mombasa uwiano huo ulikuja na mizinga. Sanaa ya kasri, popote ilipojengwa, haikutengana na nguvu iliyoilipia.

Hitimisho

Mifano iliyojadiliwa inaonyesha kwamba Renaisansi ya Kiitaliano haikumwagwa Uhispania kama maji katika chombo kitupu. Ilikutana na msomaji mkali, mwenye fedha, mwenye imani, na mwenye uwezo wa kufuta. Msomaji huyo hakuwa adui wa sanaa. Alijua tofauti kati ya chumba na altari, na aliruhusu katika kimoja alichokikataza katika kingine.

Lakini haki ya kuhakiki haikugawanywa kwa usawa. Titian aliweza kumbadili Ovid kwa sababu alikuwa Venice. Cambiaso hakuweza kuibadili mbingu kwa sababu alikuwa kwenye jukwaa la mbao, chini yake wamesimama watawa. Sofonisba alikuwa karibu na uso wa malkia kuliko wote, na kwa sababu hiyo hiyo jina lake lilipotea kwa karne nne. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu kilikuwa cha mfalme. Hata hivyo kilichobaki leo ni picha, na picha hizo zinaendelea kusomwa na watu ambao Felipe hakuwachagua. Taswira yake mwenye rozari sasa ina jina la mwanamke aliyeichora. Kazi ya El Greco iliyokataliwa inatazamwa El Escorial na wageni wengi kuliko ile iliyochukua nafasi yake. Uamuzi wa mteja ni wa kwanza katika maisha ya kazi ya sanaa, wala si wa mwisho. Mhakiki anapoisoma kazi iliyoagizwa, hana budi kuuliza nani alilipa na nani alikataa. Kisha aendelee kuuliza ni nini kilichopenya.